Paa la bati linavuja Tanga: uzibe, ukaze, upake au ubadilishe?

Masika yakianza mwezi Machi, makarai na ndoo huhama kutoka uwani na kuingia vyumbani katika nyumba nyingi za Tanga. Ushauri nao huja kwa wingi. Muuza duka la vifaa anasema nunua silikoni. Jirani anasema paka lami. Fundi anapanda mara moja, anashuka na kusema paa lote liezuliwe. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila mmoja kwa paa lake, na pesa nyingi hupotea kwa sababu dawa ya paa moja imepelekwa kwenye paa jingine.

Hapa tunalinganisha njia nne za kutibu paa la bati: kuziba sehemu inayovuja, kung'oa misumari na kufunga skrubu, kupaka rangi ya kuzuia maji paa zima, na kubadilisha mabati. Paa la zege na la makuti yana mambo yake. Kama nyumba yako ni ya zamani na imeezekwa kwa karatasi ngumu za asbesto, usizitoboe, usizisugue kwa brashi ya waya na usizikate. Vumbi lake linaharibu mapafu, na kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa vyake.

Kwanza lijue tundu

Doa la dari halionyeshi tundu lilipo. Maji yakishapenya bati huteremka juu ya papi (mbao ambazo bati linapigiliwa) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) mpaka yakutane na msumari au kiungo cha mbao, ndipo yanadondoka. Kwa hiyo tundu mara nyingi liko juu zaidi ya doa, upande wa kofia, yaani bati linalofunika kilele cha paa. Pima kutoka kuta mbili za chumba hadi kwenye doa, andika vipimo, kisha vihamishie darini na uanze kutazama kutoka hapo kwenda juu.

Ingia darini kama saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika lakini joto halijawa la kuunguza. Kanyaga kenchi tu, kwani silingi bodi haibebi mtu. Zima tochi, subiri macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Chukua njiti za ufagio wa chelewa, penyeza moja katika kila nukta na uiache hapo hapo. Ukipanda juu utazikuta zimesimama, na hutahangaika kukisia.

Njia hiyo inakamata matundu ya kutu na ya misumari iliyong'oka. Haikamati maji yanayoingilia kwenye mlalio wa bati juu ya bati, chini ya kofia, kwenye vale (bonde ambapo pande mbili za paa zinakutana) au pale paa linapokutana na ukuta, kwa sababu sehemu hizo hazipitishi mwanga. Hapo tumia mpira wa maji na watu wawili, mmoja juu na mpira, mwingine darini na tochi. Anzeni chini karibu na gata, mwageni maji dakika kumi sehemu moja, kisha mpande kidogo kidogo. Mkianzia juu kwenye kofia maji yatalowesha paa zima na hamtajua yameingilia wapi.

Kuna maji mawili yanayofanana na kuvuja na si kuvuja. La kwanza ni jasho la bati: alfajiri, bila mvua, matone madogo yanatoka sehemu nyingi kwa mpigo. Hilo linatibiwa kwa kupitisha hewa darini. La pili ni gata iliyoziba kwa majani ya mwembe au mwarobaini, au mifupa ambayo kunguru hupenda kuidondosha, mpaka maji yanarudi nyuma ya fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) na kuingia ukutani. Safisha gata kabla ya kununua chochote, kisha angalia kama ina mteremko wa kama milimita 5 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita 10 kwa 10 inaleta lita 5,000. Gata iliyolala sawa haiwezi kuyapeleka maji hayo yote.

Maji yakiwa yanapita karibu na taa au soketi, zima swichi kuu kabla ya mengine yote.

Vigezo vya kuchagulia

Kigezo cha kwanza na kikubwa ni hali ya bati lenyewe. Zinki inapoanza kuliwa huacha unga mweupe. Ikiisha, chuma kinatoa kutu nyekundu, na mwisho ni matundu. Rangi peke yake inadanganya. Chukua bisibisi bapa, sukuma ncha yake kwenye sehemu yenye kutu kwa nguvu ya mkono tu. Bati likigoma, bado lina nyama, hata kama limekuwa jekundu. Likitoa mlio wa kukatika katika au ncha ikapenya, limeshakufa, na hakuna rangi wala silikoni itakayolirudishia chuma.

Fanya jaribio hilo chini ya bati pia, hasa sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Watu wengi huisahau. Pwani, upepo unaleta chumvi juu na chini ya bati. Juu, mvua inaiosha. Chini ya ukingo wa paa na ndani ya mlalio wa mabati mvua haifiki, chumvi inakaa mwaka mzima ikivuta unyevu, na bati linaoza kutoka ndani huku juu likionekana zuri. Nyumba ya Raskazone inaliwa hivyo mapema kuliko ya Pongwe, ambayo iko mbali na maji ya chumvi.

Kigezo cha pili ni mahali maji yanapoingilia: tundu moja, misumari mingi, mlalio, au kiungo cha paa na ukuta. Cha tatu ni maji unayokinga. Kama bomba la gata linaingia kwenye tangi la kunywa na kupikia, chochote unachopaka juu kitafika kikombeni. Cha nne ni mfuko, wa leo na wa miaka mitano ijayo. Cha tano ni nani atapanda. Umande wa asubuhi unafanya bati liteleze kama sabuni, na bati chakavu halimbebi mtu katikati ya papi mbili. Anayepanda akanyage mistari ya misumari tu, au alaze ubao mrefu unaoegemea papi mbili au zaidi, na chini awepo mtu wa kushika ngazi.

Jambo moja tunaliona halizungumzwi vya kutosha: paa moja linaweza kuhitaji dawa mbili. Upande unaotazama bahari huzeeka kabla ya upande wa pili. Fanya jaribio la bisibisi pande zote, uandike kila upande peke yake, na usikubali bei moja ya paa zima kabla ya hapo.

Njia ya 1: Kuziba sehemu inayovuja

*Inatibu nini.* Matundu machache kwenye bati ambalo bado lina nyama, pengo la kofia na mlalio, na tundu lililoachwa na waya wa dishi au bomba la choo lililopita juu ya paa.

*Kazi yenyewe.* Subiri siku mbili tatu kavu. Sugua kwa brashi ya waya, malizia kwa msasa namba 80 mpaka chuma kiwe safi sentimita 5 kuzunguka tundu, futa kwa kitambaa chenye spiriti. Tundu la msumari linazibwa kwa silikoni. Tundu la ukubwa wa sarafu linataka utepe wa lami wenye uso wa alumini, upana wa milimita 100, uliokatwa ili upite tundu kwa sentimita 5 kila upande na kubanwa kwa nguvu kwa kuviringisha chupa ngumu juu yake. Zaidi ya hapo kata kiraka cha bati lenye migongo ileile, kizidi tundu kwa sentimita 10 hadi 15, kitandikie silikoni na ukifunge kwa riveti kila sentimita 7 au 8. Ukingo wa juu wa kiraka upenye chini ya bati la juu kama tundu liko karibu na mlalio. Usipofanya hivyo maji yanayoshuka yatagonga ukingo huo kila siku ya mvua.

Mrija mmoja wa silikoni wa mililita 300 unatoa kamba ya unene wa milimita 6 yenye urefu wa kama mita 10, kwa hiyo pima kabla ya kununua.

*Inaposhindwa.* Kwanza ni aina ya silikoni. Ile inayonuka siki ina asidi, na asidi hiyo inakula zinki pale pale ulipoipaka, hivyo mwaka wa pili kutu inaanza chini ya kiraka chako. Nunua isiyo na harufu ya siki, iliyoandikwa kuwa inafaa kwa chuma. Pili ni saruji. Mafundi wengine wanaziba kofia au kiungo cha ukuta kwa saruji moja kwa moja juu ya bati. Saruji mbichi inashambulia zinki na alumini, halafu ikikauka inapasuka kwa sababu bati linatembea na saruji haitembei. Bati la mita 3 likipata tofauti ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na saa nane mchana linarefuka kama milimita moja na nusu. Tatu ni kuziba ukingo wa chini wa mlalio. Silikoni inakaa juu zaidi, ndani ya mlalio, na ukingo wa chini unaachwa wazi ili maji yaliyopenya yapate pa kutokea. Ukiuziba, maji yanabaki humo pamoja na chumvi, na umeozesha bati mbili badala ya moja.

*Mfuko na umri.* Ndiyo rahisi kuliko zote. Silikoni au utepe uliowekwa juu ya chuma safi unakaa miaka kadhaa, uliowekwa juu ya vumbi na kutu hauvuki masika moja.

*Inamfaa* mwenye matundu yanayohesabika kwa vidole, mpangaji anayesubiri mwenye nyumba, na yeyote aliyekutwa na mvua katikati ya msimu. Haimfai anayeziba tundu la kumi na tano kwenye bati lilelile.

Njia ya 2: Kung'oa misumari na kufunga skrubu

Hii tunaiona inapuuzwa kuliko inavyostahili. Paa nyingi zinazoitwa zimeoza, bati lake ni zima na kilichochoka ni misumari.

*Inatibu nini.* Uvujaji wa sehemu nyingi ndogo ndogo zilizofuata mistari ya papi. Sababu ni mbili. Papi iliyopigiliwa ikiwa mbichi inakauka, inasinyaa na kulegeza msumari. Bati nalo, kwa kule kurefuka na kufupika kila siku, linauvuta msumari juu taratibu. Raba yake inapigwa na jua, inakauka, inapasuka, na maji yanashuka kwenye shina la msumari mpaka kwenye ubao.

*Kazi yenyewe.* Ng'oa msumari kwa nyundo ya kucha ukiwa umelaza kipande cha ubao juu ya mgongo wa bati ili usiubonyeze. Mahali pake funga skrubu ya bati yenye washa na raba, nene kuliko msumari uliotoka. Milimita 6.3 kwa urefu wa 65 inatosha paa nyingi zenye papi za mbao. Tumia drili yenye kichwa cha milimita 8, kwa mwendo wa polepole. Kaza mpaka raba itanuke kidogo nje ya washa, uishie hapo. Ukizidisha, mgongo unabonyea na kufanya kibwawa kuzunguka skrubu. Skrubu zote zipite juu ya mgongo, kamwe si kwenye bonde yanakopita maji.

Nenda safu kwa safu. Usiache bati zima bila kufungwa hata kwa saa moja ya chakula, kwani kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma kwa nguvu bati hilo linaruka na linaweza kumkata mtu. Jioni fagia vumbi la chuma lililotokana na drili. Likilala juu ya bati usiku mmoja wenye umande linaota kutu, na madoa yake unaweza kudhani ni bati linalooza.

Kupata idadi, hesabu misumari ya bati moja, zidisha kwa mabati yote ya upande huo, ongeza moja kwa kila kumi.

*Inaposhindwa.* Skrubu inazunguka bila kukaza: papi imeoza au imeliwa na mchwa. Usiijaze tundu kwa njiti na gundi. Pachika papi mpya iliyotiwa dawa ubavuni mwa ile ya zamani, uifungie kwenye kenchi, kisha uhamishe mstari wa skrubu na kuziba matundu ya zamani kwa njia ya 1. Kushindwa kwingine ni kwa skrubu zenyewe. Zile za kung'aa zilizopakwa zinki nyembamba zinaota kutu mapema karibu na bahari. Ulizia zilizochovywa kwenye zinki ya moto au zenye tabaka nene la pwani, hata bei ikizidi.

Na kurudishia msumari ulionyanyuka kwa nyundo? Tundu la ubao limeshapanuka. Utatoka tena.

*Mfuko na umri.* Pesa inakwenda kwenye skrubu na siku za fundi. Vikiwa sahihi, vinakaa umri uliobaki wa bati.

*Inamfaa* mwenye bati lililofaulu jaribio la bisibisi lakini lina misumari iliyolegea. Nyumba za Ngamiani zenye mabati mazito ya zamani mara nyingi ziko hapa, na inasikitisha kuona bati la namna hiyo likitolewa na kuwekwa jembamba kwa kuwa tu jipya linang'aa.

Njia ya 3: Kupaka rangi ya kuzuia maji paa zima

*Inatibu nini.* Kutu ya juu juu iliyoenea, matundu madogo mengi kama ya sindano, na joto la ndani kama rangi ni nyeupe au ya mwanga. Haitibu bati lililolegea wala lililokufa.

*Kazi yenyewe.* Kuna rangi za akriliki zinazonyumbuka na kuna za lami. Kwa nyumba inayokinga maji ya kunywa, lami tusingeishauri. Hata akriliki, chagua iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa paa la kukinga maji, chomoa bomba la tangi wakati wa kupaka na uache mvua kubwa mbili tatu za mwanzo zimwagike nje. Rangi ya zamani usiyoijua usiisugue ovyo ikiwa kavu, kwani ya miaka mingi nyuma inaweza kuwa na risasi.

Osha paa kwa maji safi kwanza. Chumvi isipooshwa inabaki chini ya rangi, inavuta unyevu na kuifanya ivimbe malengelenge. Sugua kutu, paka praima ya kuzuia kutu, kisha kwenye mlalio, kofia na vichwa vya skrubu laza kitambaa cha nyuzi upana wa sentimita 10 hadi 15 ndani ya rangi mbichi na upake juu yake. Baada ya hapo tabaka mbili za paa zima, la pili likipita mkabala na la kwanza.

Katika kununua ndipo watu wanakosea hesabu. Nyumba ya mita 10 kwa 10 haina mita 100 za mraba za kupaka. Mwinuko wa paa unaongeza, na mawimbi ya bati yanaongeza tena, mpaka unafika kama mita 120. Kwa lita 1.2 kwa kila mita kwa tabaka zote mbili unahitaji kama lita 144, yaani ndoo 7 za lita 20 na lita 4 za nyingine. Anayenunua ndoo tatu atazichanganya na maji ili zifike, na rangi iliyokonda hivyo haizuii chochote.

*Inaposhindwa.* Inapopakwa juu ya misumari inayotembea, rangi inapasuka mduara kuzunguka kila kichwa, kwa hiyo kama misumari imelegea njia ya 2 hutangulia. Inabambuka pia ikipakwa juu ya unga mweupe wa zinki, juu ya bati jipya lenye mafuta ya kiwandani, au jioni umande ukikaribia. Anza umande ukishakauka, maliza mapema ili rangi ipate saa kadhaa za jua.

*Mfuko na umri.* Iko katikati. Kwa kawaida miaka 5 hadi 10. Karibu na bahari jiandae kwa hesabu ya chini, na tabaka la kuongezea kila rangi ikikonda.

*Inamfaa* mwenye bati zima kiasi lililochakaa sura, mwenye chumba kinachochemka mchana, na mwenye muda wa ukavu: Januari na Februari, au mwishoni mwa kusi kabla ya vuli ya Oktoba. Mvua za mchoo katikati ya mwaka zinaweza kukukuta na brashi mkononi, basi tazama utabiri.

Njia ya 4: Kubadilisha mabati

*Inatibu nini.* Bati lililokufa, bati lililobonyezwa na nazi au tawi mpaka mlalio ukafunguka, papi zilizooza kwa pamoja, na paa lililoezekwa vibaya tangu mwanzo.

*Kazi yenyewe, kama ni bati moja au mawili.* Beba kipande cha bati la zamani dukani, au chora wimbi lake kwenye boksi ukate. Migongo isipolingana kwa milimita chache mlalio hautaketi, na hapo umenunua uvujaji mpya. Legeza mabati ya pande mbili, chomoa la zamani kuelekea chini, penyeza jipya chini ya lile la juu. Mlalio wa ubavuni uwe mgongo mmoja na nusu. Mlalio wa juu na chini uwe milimita 150 kwa paa lenye mwinuko wa nyuzi 15 au zaidi, na kama 225 kwa lililolala zaidi. Uvujaji mwingi wa mapaa ya chini chini ya mabanda ya uwani unatoka hapa: mlalio ni mfupi, upepo unasukuma maji kupanda mgongo.

*Kama ni upande mzima.* Agiza mabati marefu ya kufika kutoka kofia hadi gata bila kiungo, yakipita fisha bodi kwa kama milimita 50. Anza kuezeka kutoka upande ambao upepo wa mvua unaelekea, ukirudi kuelekea unakotoka, ili kingo za juu za mlalio zielekee kule upepo unakokwenda. Mvua ya masika inakuja na kusi, hivyo kingo zitazame kaskazini. Kofia zilaliane milimita 150. Papi za bati jembamba zisizidi milimita 900 kati ya moja na nyingine.

Kuhusu geji, namba ikiwa ndogo bati ni nene: 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Karibu na bahari tungechagua geji 28 iliyopakwa rangi kiwandani juu ya mchanganyiko wa alumini na zinki. Geji 32 tusingeiweka Raskazone hata kama ni banda la kuku.

*Inaposhindwa.* Kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya ni kuchanganya. Ukibadilisha mabati ya juu kwa ya rangi au ya alumini na zinki, ukaacha ya chini ya zinki tupu, maji yanayoshuka kutoka juu yanakuwa safi mno na yanaila zinki ya chini kwa haraka, hasa pale yanapodondokea. Hali ni ileile kwa gata ya zinki tupu chini ya paa jipya. Ukibadilisha, badilisha safu za chini, au upande mzima kutoka juu hadi chini, na gata yake ilingane. Bomba la shaba la kipoza hewa nalo lisidondoshe maji juu ya bati: shaba inakula zinki na alumini popote maji hayo yanapopita.

*Mfuko na umri.* Bei kubwa ya mara moja, kwa bati, kofia, skrubu, pengine papi na mafundi. Likifanywa sawa na kuoshwa chumvi chini ya kingo mara chache kwa mwaka, ndilo linalokaa muda mrefu kuliko yote.

*Inamfaa* ambaye bisibisi imepenya sehemu nyingi za upande mmoja, na anayejenga kwa ajili ya wanawe.

Uamue vipi kwa hali yako

Mvua inanyesha na karai linajaa: usipande leo. Ndani, toboa kwa msumari mwembamba pale dari ilipovimba ili maji yashukie sehemu moja badala ya kuangusha bodi nzima, weka karai, zima umeme wa chumba hicho. Siku kavu ya kwanza ziba kwa utepe. Uamuzi mkubwa usubiri ukavu.

Wewe ni mpangaji: ziba kwa utepe au silikoni, piga picha za njiti zilizosimama juu ya bati, mwonyeshe mwenye nyumba mpate kukubaliana mapema kuhusu gharama.

Bati linafaulu bisibisi na maji yanafuata mistari ya papi: skrubu. Kama bado una pesa baada ya hapo, ndipo rangi.

Bati linafaulu, lina kutu ya juu juu, na ndani kuna joto: rangi, baada ya kukagua kila msumari.

Upande wa bahari umekufa, wa pili mzima: badilisha upande mmoja wote, upande wa pili funga skrubu tu. Kofia mpya iwe pana ya kutosha kukaa vizuri kwenye migongo ya aina mbili.

Pesa haitoshi kubadilisha mwaka huu: usiipake rangi bati lililokufa ukitarajia kununua muda, kwani pesa hiyo ndiyo ingekuwa nusu ya mabati. Ziba sehemu mbaya kwa viraka, nunua mabati kidogo kidogo ya kiwanda kimoja, migongo ile ile, uyahifadhi ndani yakiwa makavu na yametenganishwa kwa vipande vya mbao. Mabati yaliyobanana yakilowa yanaota unga mweupe kabla hayajapanda.

Dishi au paneli ya sola ndiyo iliyotoboa paa: hamishia dishi ukutani. Paneli iinue kwa miguu inayofungwa juu ya mgongo, penye papi, kwa skrubu zenye raba.

Unakodi fundi: mweleze vipimo vya doa, mwonyeshe njiti, kubalianeni aina ya skrubu na geji kwa kuandika, na mbakize sehemu ya malipo mpaka mmwage maji kwa mpira pamoja, au mvua kubwa ya kwanza ipite.